Asubuhi Inakataa, Saa Sita Inawaka

Kama unaishi Baraka, Mboko ao fasi yoyote kando ya ziwa, ile sauti unaijua. Ni saa kumi na mbili asubuhi, mvua imenyesha usiku mzima. Shofere anageuza ufunguo, demarere inalia: nyee, nyee, nyee. Motere haiwaki. Anageuza tena, inakohoa mara moja, inanyamaza. Vijana wanaitwa kusukuma, wanasukuma katika matope mpaka jasho linawatoka. Bure. Na nyuma, juu ya godoro, kuna mama ambaye uchungu umemshika tangu saa nane za usiku. Wakunga wamesema apelekwe hospitali ya Nundu, na motokari ndiyo hii moja tu iliyopatikana.

Saa tano jua limepanda. Shofere anajaribu mara moja, na motere inawaka vizuri kabisa, kama vile hapakuwa na kitu.

Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema motokari imelogwa. Yule anasema batri imekufa, na mwenye motokari anatoa feza zake kununua batri mpya. Asubuhi nyingine ya mvua, mambo ni yale yale. Sasa anatafuta fundi wa pili, anabadilisha buji zote, halafu bobini. Feza za shule za watoto zinamalizika hivyo, kipande kwa kipande, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ni majimaji kidogo tu ndani ya delko, ambayo kitambaa kikavu kingeyaondoa katika dakika kumi.

Tunaandika habari hii kwa ajili ya wale wanaoendesha na kutengeneza motokari za esanse kwetu: zile Land Cruiser za zamani zinazopanda Fizi na kushuka Misisi na Lulimba kwenye zahabu, zile Hiace na Corolla za miaka ya 1980 na 1990, na zile Suzuki ndogo. Lakini tunawaandikia zaidi vijana wanaojifunza kazi katika garaji. Fundi mzee mara nyingi anaonyesha kwa mkono tu, haelezi sababu. Na kijana asiyejua sababu anabaki kubahatisha.

DELKO INAFANYA KAZI GANI?

Kwanza jina. Mafundi wetu wanasema delko sawa na Wafaransa. Delco ilikuwa jina la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Charles Kettering na mwenzake Edward Deeds katika mji wa Dayton mwaka 1909. Walitengeneza mtambo wa kuwashia moto kwa umeme wa batri, na Cadillac wakautia katika motokari zao za mwaka 1910. Jina la kampuni likashika kifaa chenyewe, likapita bahari, likafika mpaka kwenye garaji za Uvira. Tanzania ng'ambo ya ziwa wao wanaiita distributa. Kitu ni kimoja.

Batri inatoa volti 12. Hizo ni kidogo sana, haziwezi kuruka fasi yoyote. Bobini inazichukua na kuzipandisha mpaka volti 20,000, saa nyingine zaidi. Umeme huo mkali unapita katika waya mnene wa katikati, unaingia juu ya kichwa cha delko, unashuka kwenye kidole kinachozunguka ndani. Kidole kinapopita mbele ya kila msumari, kinagawa: buji ya kwanza, buji ya tatu, ya nne, ya pili. Ni kama mama anayegawa ugali. Kila mtoto kwa zamu yake, wala hapana kurudia.

Na mwendo wake si wa mchezo. Motere ya buji 4 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, delko inagawa mara 6000 kwa dakika, maana yake mara 100 kila segonde. Hakuna nafasi ya kukosa.

Sasa, umeme huu mkali una tabia moja: unatafuta njia nyepesi ya kurudi kwenye chuma cha motere. Ili uruke milimita moja ya hewa kavu, unahitaji kama volti 3000. Ndani ya silinda, fasi hewa imekandamizwa, kazi ni ngumu zaidi. Kwa hiyo kichwa cha delko kimetengenezwa kwa kitu kigumu kisichopitisha umeme, ili umeme usiwe na njia nyingine ila ile ya buji. Zamani walitumia bakelaiti, ambayo aliivumbua Leo Baekeland, Mbelgiji mzaliwa wa mji wa Ghent aliyehamia Marekani. Aliomba hati yake mwaka 1907. Wazee waliokuwa na redio nyeusi nzito za zamani wanaikumbuka vizuri, ni kitu kile kile.

Bakelaiti kavu na safi ni ukuta. Lakini ikishikwa na umande, na ule umande ukachanganyika na vumbi, inakuwa daraja. Umeme unaona: kule kwenye buji ni mlima, huku juu ya majimaji ni mteremko. Unateremka. Buji haipati kitu, ao inapata moto mwekundu dhaifu usioweza kuwasha esanse. Na jambo hili linazidi ubaya asubuhi, kwa sababu demarere inapovuta, inakula nguvu ya batri. Volti 12 zinashuka mpaka 10 ao chini ya hapo, na bobini nayo inatoa kidogo, wakati uleule ambapo tulihitaji nyingi. Ndiyo maana motere ikiisha kuwaka, hata delko ikiwa na umande kidogo, inaendelea. Joto linamalizia kukausha.

Umeelewa sasa sababu ya saa sita? Jua limefanya kazi ya fundi, bila kudai feza.

MAJI YANATOKA WAPI?

Watu wengi wanafikiri ni mvua peke yake. Hapana. Sisi hapa tunaishi katikati ya maji. Mwingereza Burton, aliyefika Tanganyika pamoja na Speke mwaka 1858, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ni rasi, imeshikana na bara, lakini mtu anayelala pale akisikia maji pande zote mbili anaweza kumsamehe. Hewa ya ziwa ni nzito. Mchana motere ni ya moto. Usiku chuma kinapoa, hewa iliyo ndani ya delko inapoa pia, inajikunja, inavuta hewa ya nje iliyojaa majimaji. Alfajiri unafungua kichwa cha delko unakuta ndani kumetoka jasho, kama kifuniko cha sufuria ya wali. Na mvua haikunyesha hata tone.

Wale wanaoshinda Baraka mchana na kulala Fizi juu kwenye baridi wanaona jambo hilo zaidi.

Pili ni vivuko. Barabara ya kutoka Uvira kuelekea Baraka na Fizi inakatwa na mito mingi inayoshuka milimani, na mvua kubwa ikinyesha huko juu mto unajaa katika saa moja. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za watu tangu Uvira mpaka Kalemie, na barabara za kando zikawa maji. Motokari ikiingia katika maji, ile feni ya mbele inayachota na kuyarusha juu ya motere yote. Delko ya motere nyingi iko ubavuni ao mbele, inapokea ya kwanza.

Tatu ni vumbi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hakuna mvua, na kamio za machimbo zinapita. Vumbi jekundu linaingia kila fasi, linalala juu ya kichwa cha delko na juu ya waya za buji. Kwa muda huo halina ubaya, kwa sababu ni kavu. Halafu mvua ya kwanza inanyesha, mwezi wa kenda ao wa kumi, na lile vumbi linageuka matope membamba. Ndiyo sababu garaji zinajaa katika juma lile la mvua ya kwanza. Anayesafisha delko mwisho wa mwezi wa nane, kabla ya mawingu, hatakuwa katika foleni hiyo.

Na ya ine ni vijana wetu wenyewe! Tunawapenda, wanatafuta chakula, wanaosha motokari kando ya mto. Lakini kumwaga ndoo nzima ya maji juu ya motere yenye moto, eti ing'ae, ni kumharibia mwenye motokari siku yake. Chuma cha moto kikipigwa maji ya baridi kinaweza kupasuka, na delko inakunywa. Kama ni lazima kuosha motere, ngoja ipoe, funga delko na bobini kwa mfuko wa plastiki, tumia kitambaa chenye maji, si ndoo. Kiisha, hapana kusahau kutoa ule mfuko! Ukiachwa karibu na bomba la moshi unayeyuka na unaweza kushika moto.

NAMNA YA KUKAUSHA

Tuseme imekataa asubuhi. Usilie na demarere mpaka batri ife. Segonde kumi zinatosha, pumzisha, jaribu tena mara moja, basi. Ukiendelea, buji zinalowa esanse, na sasa una magonjwa mawili.

Fungua kapo. Ondoa waya mmoja wa batri. Halafu, kabla ya kung'oa waya wowote wa buji, tia alama. Kipande cha karatasi, uzi, mafundo: fundo moja kwa buji ya kwanza, mafundo mawili kwa ya pili. Tumeona vijana wanang'oa zote kwa haraka, na kukausha ilikuwa dakika kumi, lakini kutafuta mpango wa waya ilikuwa nusu siku. Motere nyingi za Toyota za buji 4 zinawaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Land Cruiser ya zamani ya buji 6 ni 1-5-3-6-2-4. Lakini huu mpango unafuata upande ambao kidole kinazungukia, kwa hiyo alama yako mwenyewe ni bora kuliko kichwa chako.

Vingi vya vichwa vya delko havihitaji kung'oa waya zote. Achia vibanio viwili ao misumari, kigeuze, tazama ndani. Pangusa kwa kitambaa cha pamba kikavu na safi, ndani na nje, mpaka katikati ya ile misumari. Pangusa na kidole. Pangusa kila waya kwa urefu wake wote, na kichwa cha bobini, ambacho watu wanakisahau. Kama jua liko, kiache juani. Kama jua hakuna, kiweke karibu na mbabula, si juu yake. Ukiona mkono wako hauwezi kuvumilia joto lile, delko nayo imezidi.

Kuna dawa ya kupuliza inayoitwa WD-40. Herufi zile maana yake ni kufukuza maji, na 40 ni kwa sababu watengenezaji wake wa San Diego walifaulu katika jaribio la 40, mwaka 1953. Ukiipata, ni nzuri: puliza kidogo, subiri, pangusa. Lakini hapana kufikiri kwamba bila ile dawa huwezi. Kitambaa kilikuwako mbele.

Kitu kimoja tunakikataza kabisa: kusafisha ndani ya delko kwa esanse, kiisha kufunga na kuwasha mara moja. Moshi wa esanse unabaki ndani, kidole kinatoa cheche, na kifuniko kinapasuka usoni mwako.

Baada ya kukausha, kipeleke kwenye mwanga na kuchunguza. Unatafuta mistari. Mstari mweusi mwembamba, kama mzizi wa nyasi ao kama alama ya kalamu ya risasi, unaotoka msumari mmoja kwenda mwingine ao kwenda ukingoni. Hapo umeme uliteleza mara nyingi juu ya majimaji mpaka ukaunguza njia, na ile njia sasa ni makaa, na makaa yanapitisha umeme hata yakiwa makavu. Kichwa cha namna ile ni mgonjwa asiyepona. Unaweza kukwangua kwa kisu ili ufike nyumbani, lakini nunua kingine. Vilevile kikiwa na ufa, hata ule wa unywele.

Kuna njia ya kuona ugonjwa kwa macho. Usiku, fasi yenye giza, motere ikiwa inawaka, fungua kapo na tazama bila taa. Kama kuna mvujo, utaona cheche za buluu zikitembea juu ya waya na delko, na utasikia tik, tik. Tazama tu, usiguse. Ule umeme utakurusha mkono, na mkono ukirushwa unaweza kuangukia feni. Na kwenye motokari zenye delko ya elektroniki, zisizo na platine, hapana kung'oa waya wa buji motere ikiwaka ili kupima moto kama wazee walivyofanya. Unaweza kuua kile kisanduku cha elektroniki, na bei yake ni kubwa. Chukua buji ya zamani, iunganishe na waya wakati motere imezima, ilaze ikigusa chuma cha motere, kiisha mwenzako ageuze ufunguo.

KUZUIA YASIINGIE TENA

Chini ya kichwa cha delko mara nyingi kuna pete ya mpira. Fundi wa haraka anaitupa. Hapo ndipo mlango unapobaki wazi. Kama imekatika, tafuta nyingine ya kipimo kile kile. Vikofia vya mpira vinavyofunika miisho ya waya navyo vikazwe vizuri. Vikiwa vimepasuka, ni afazali kubadilisha waya. Ukipata girisi ya silikoni, paka kidogo ndani ya vikofia. Girisi ya magurudumu ao mafuta ya motere usipake, yanaoza mpira na kukusanya vumbi.

Sasa ule ujanja wa mafundi wa zamani, ambao tunaupenda sana kwa sababu hauna bei. Tafuta glavu nzito ya mpira. Kata ncha za vidole vitano. Motere ya buji 4 ina waya nne za buji na waya mmoja wa bobini: jumla tano! Pitisha kila waya katika kidole chake, vuta glavu ishuke na kufunika kichwa chote cha delko kama kofia, funga vidole kwa uzi. Maji yanayorushwa na feni yanateleza nje. Kwa Land Cruiser ya buji 6 vidole havitoshi, hapo wengine wanatumia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Angalia tu isiguse bomba la moshi.

Lakini upande wa chini acha wazi. Watu wengine wanafikiri kuziba kila kitu ndiyo akili: wanapaka gundi ya silikoni kuzunguka delko yote. Ni kosa. Kila cheche inayoruka ndani inageuza hewa, na ile hewa iliyogeuka ikikutana na majimaji inafanya asidi inayokula misumari. Ndiyo maana delko nyingine zina kitundu kidogo cha kupumua. Fundi wa kiwanda hakukisahau pale, usikizibe. Kama kimejaa matope, kizibue.

Na mtoni? Simama kwanza. Mtu atembee katika maji kwa miguu, na fimbo, apime. Yakipita magoti, ngoja. Mito yetu inajaa upesi lakini inapunguka upesi pia, na mgonjwa aliyechelewa saa mbili bado ana tumaini kuliko mgonjwa aliye ndani ya motokari iliyozama. Kama yanapitika, funga bashi ao gunia mbele ya radiateri ili maji yasiingie kwa nguvu. Kwa maji mengi, mashofere wa zamani walilegeza ukanda wa feni ili isirushe maji. Lakini ukanda ule katika motokari nyingi unazungusha pia pompi ya maji, kwa hiyo urudishwe palepale ng'ambo. Ingia kwa gia ya kwanza, polepole, bila kusimama na bila kubadilisha gia. Mbio zinafurahisha watoto walio kando, lakini zinapandisha wimbi juu ya kapo. Motere ikizima katikati na unafikiri imemeza maji kwa njia ya hewa, hapana kugusa demarere hata mara moja, maana maji hayakandamiziki, na fimbo za pistoni zinapinda. Vuta kwa kamba, toa buji, ndipo uzungushe maji yatoke.

Tunajua wengine watauliza juu ya motokari nyingine. Kamio za mazutu hazina delko wala buji za cheche. Ikikataa asubuhi, tafuta ugonjwa mwingine. Toyota nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 2000, kama zile Probox zinazobeba abiria, nazo hazina delko. Kila buji ina bobini yake ndogo juu. Lakini maji ya kuosha motere yanaweza kushuka katika shimo la buji, na motere inaanza kutetemeka. Vuta bobini, kausha shimo, rudisha. Pikipiki ina buji moja na kikofia kimoja, na hicho ndicho cha kukausha. Ni vilevile kwa pompi ndogo za esanse zinazotoa maji katika mashimo ya zahabu: inaposhindwa, wenzako wako chini na maji yanapanda, kwa hiyo kikofia cha buji kikauke na kipanguswe kila asubuhi kabla mtu hajashuka, na buji moja ya akiba iwe mfukoni mwa yule anayelinda pompi, si nyumbani kwake.

Motere za mtumbwi zinazovuka kwenda Ubwari nazo hazina delko. Zina kofia kubwa ya juu yenye mpira wa kuzunguka, na ule mpira ukikatika mawimbi yanaingia moja kwa moja kwenye buji. Uangalie ukiwa bado pwani.